Tunakimbilia Wapi? Kanisa na Mafunzo ya Wakimbiaji

Mwaka jana, katika mkutano wa baraza la kanisa letu, mama mmoja mzee aliinua mkono. Tulikuwa tumeketi tangu saa nane ya mchana, na saa kumi ilikuwa imekwisha kupita. Tulikuwa tumejadiliana juu ya mabati ya paa, juu ya kinanda kilichoharibika, juu ya mtu atakayeshika ufunguo wa stoo, na juu ya ugomvi wa kwaya mbili ambazo kila moja ilidai haki ya kuimba kwanza. Mama huyu, ambaye sisi sote twamwita Kogo, maana yake nyanya katika lugha ya huku, hakuwa amesema neno lo lote. Aliposimama aliuliza swali moja tu: "Wazee wangu, hili kanisa linakwenda wapi?"

Mwenyekiti alidhani kwamba hakusikia vizuri, akaanza kumweleza habari za mabati tena. Kogo akamkatiza kwa upole: "Mabati nimeyasikia, mwanangu. Nauliza linakwenda wapi." Kisha akaketi.

Mimi ni katibu wa baraza hilo, na kazi yangu ni kuandika kila jambo linalosemwa. Niliandika swali lake. Mahali pa jibu niliacha nafasi, kama nifanyavyo ofisini barua inapongoja sahihi ya mkubwa. Nafasi ile ilibaki wazi miezi mitatu.

Yafaa nieleze hali yetu ili msomaji asidhani kwamba swali lile lilikuwa la mzaha. Kanisa letu liko katika nyanda za juu za Bonde la Ufa, upande wa Kaptagat, ambako barabara za udongo mwekundu hupita kati ya misitu na mashamba ya mahindi na viazi. Mimi si mwenyeji wa huku; nililetwa na uhamisho wa kazi ya serikali. Nilipoandikwa kwanza katika kitabu cha washirika, benchi zilijaa hata watoto wakakaa sakafuni. Sasa benchi sita za nyuma hazina mtu. Mchungaji wetu anahudumia makanisa manne, hivyo twamwona mara moja kwa mwezi. Vijana wengi wamekwenda Eldoret kutafuta kazi, baadhi wanahudhuria mikutano ya hema yenye vipaza sauti, na wengine, nikisema kweli, wako vitandani. Mwisho wa yote, wakubwa wetu wametuandikia barua kwamba hali isipobadilika kabla ya mwaka kwisha, tutaunganishwa na kanisa jirani lililo umbali wa kilomita saba, na jengo letu litafanywa ghala. Kwa kijana kilomita saba si kitu. Kwa Kogo ni sawasawa na kuambiwa asisali tena pamoja na watu.

Mwanzo wa jibu niliupata barabarani, si kanisani. Kila siku ya kazi husimama njia panda saa kumi na mbili asubuhi kungojea matatu ya kwenda mjini. Saa hiyo hiyo hupita wakimbiaji, ambao sifa zao zimeenea dunia nzima. Huja kundi zima, ishirini au thelathini pamoja, na katika ukungu husikii kitu ila vishindo vya viatu na pumzi zao. Nimewaona kwa miaka mingi bila ya kuwafikiria, kama mtu anavyouona mlima ulio nyuma ya nyumba yake. Lakini asubuhi moja ya mwezi wa Novemba, baridi ilikuwa kali na mvua ikinyesha, kijana mmoja alisimama karibu nami kufunga kamba za kiatu. Nikamwuliza kwa utani, "Kaka, na mvua hii, mwakimbilia nini?" Akanijibu bila kuinua kichwa, "Mbio za mwezi wa nne." Akaondoka kuwafuata wenzake.

Fikirini jambo hilo. Ilikuwa Novemba, na kijana yule alijua sababu ya kulowa asubuhi ile: siku, mahali na umbali, ijapokuwa kulikuwa na miezi mitano mbele yake. Nami nilikuwa nimetoka katika baraza la watu kumi na wawili waliobatizwa, wengine wao kabla mimi sijazaliwa, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumjibu mama mzee.

Nilipoeleza habari hii kwa mzee mwenzangu alinilaumu, akasema kwamba naleta uwanja wa michezo madhabahuni. Nikamkumbusha kwamba Mtume Paulo alinitangulia. Alipowaandikia Wakorintho juu ya wapiga mbio na taji lao, alikuwa akiwaandikia watu ambao karibu na mji wao michezo mikubwa ilifanywa kila baada ya miaka miwili, na mshindi alivikwa taji la majani ambalo lingenyauka. Walielewa mara moja. Hata katika nchi hii, wamisionari waliojenga shule zetu hawakuutenga mpira na sala. Bwana Carey Francis, aliyefika Maseno mwaka 1928 na kisha kuwa mkuu wa Alliance High School huko Kikuyu tangu 1940 hata 1962, alikuwa bingwa wa hesabu kutoka Cambridge, lakini aliuthamini mpira kama sehemu ya malezi ya kijana. Sisi tuliosoma katika shule za misheni twakumbuka jinsi tulivyotolewa nje kucheza, tupende tusipende.

Basi nikaanza kusoma habari za wakimbiaji wetu, jioni baada ya kazi, nikitafuta kitu ambacho watu wa kanisa dogo wangeweza kukitumia.

Kisa kilichonishika zaidi ni cha mwaka 1968, katika Michezo ya Olimpiki ya mji wa Mexico. Kila Mkenya anajua kwamba Bwana Kipchoge Keino alishinda mbio za mita 1,500. Si wengi wanaokumbuka jinsi alivyoshinda. Mpinzani wake, Bwana Jim Ryun wa Marekani, ndiye aliyekuwa na rekodi ya dunia, na kila mtu alijua kwamba mwendo ukiwa wa polepole, Ryun angewapita wote katika mita za mwisho. Tena Keino alikuwa mgonjwa wa nyongo. Siku chache kabla yake, maumivu yalimwangusha katika mbio za mita 10,000. Ndipo kijana mwingine wa Kenya, Ben Jipcho, alipotoka mbele mara bunduki ilipolia, akakimbia mzunguko wa kwanza kwa sekunde 56, mwendo ambao kwa mji ule ulio juu kiasi cha mita 2,200 ulikuwa kama wazimu. Keino akashika mwendo ule, akaendelea nao, na Ryun alipoanza kumfukuza alikuwa amekwisha kuachwa mbali. Keino alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 34.9. Jipcho, aliyemfungulia njia, alifika wa kumi.

Nimekifikiria sana kisa hiki, wala sikubaliani na wale wanaokisimulia kama jambo jepesi. Ni vigumu kwa mwanariadha kufika Olimpiki, na Jipcho alitumia nguvu zake zote kwa ajili ya nishani iliyovaliwa na mwingine. Hakujua kwamba zamu yake ingekuja. Ilikuja: mwaka 1972 alipata nishani ya fedha katika mbio za kuruka viunzi na maji, nyuma ya Keino yuyo huyo, na mwaka 1974 huko Christchurch akashinda nishani mbili za dhahabu za Jumuiya ya Madola. Lakini siku ile ya Mexico hakuwa na ahadi yo yote mkononi.

Katika kanisa letu twapenda wote kuwa Keino. Kwaya mbili zagombania kuimba kwanza kwa sababu hiyo. Mtu akitoa mfuko wa saruji, ataka jina lake lisomwe. Mimi mwenyewe sijatoka nje ya lawama hii: mwaka juzi nilikasirika kwa majuma mawili kwa kuwa taarifa niliyoiandika ilisomwa bila kutajwa jina la mwandishi. Sisi hatukosi watu wa kumaliza mbio. Tunaokosa ni wale wa mzunguko wa kwanza.

Somo jingine liko karibu zaidi, kwa sababu kambi yenyewe iko huku huku kwetu. Bwana Eliud Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003 akiwa bado kijana wa miaka kumi na minane. Alipata nishani za Olimpiki katika mbio hizo mwaka 2004 na 2008. Kisha mwaka 2012 akakosa nafasi katika timu ya kwenda London. Watu wengi walidhani amekwisha. Mwaka 2013 alihamia marathoni akashinda ya kwanza aliyoikimbia, huko Hamburg, na baadaye akapata dhahabu mbili za Olimpiki katika marathoni. Hakuacha kukimbia, aliacha umbali mmoja akachukua mwingine. Makanisa mengi hushindwa kufanya tofauti hiyo. Ibada ya saa tatu, mikutano ya Jumatano, sherehe za mavuno zenye hotuba saba, hayo yote ni umbali tu. Yalifaa wakati wake. Sisi tuliyashika kana kwamba ndiyo mbio zenyewe.

Tarehe 12 Oktoba 2019, katika mji wa Vienna, Bwana Kipchoge alikimbia marathoni nzima kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Haikuandikwa kuwa rekodi rasmi, kwa kuwa wenzake 41 walipokezana kumwekea mwendo na kumkinga upepo. Wako watu wanaoidharau kwa sababu hiyo. Mimi naiona kinyume: hesabu hiyo ya 41 ndiyo inayonipendeza kuliko ile ya dakika. Wengi wao walikuwa wakimbiaji mashuhuri, nao walikubali kukimbia kipande, kutoka, na kuwaachia wengine. Tena imesimuliwa mara nyingi kwamba katika kambi ya Kaptagat kila mtu alishika zamu ya kazi za nyumbani, na bingwa huyu hakuachiliwa zamu yake ya kusafisha vyoo. Niliposoma habari hiyo barazani, mzee mmoja alitazama dari. Choo cha kanisa letu, nasikitika kusema, kilikuwa kimefungwa kwa kufuli tangu Krismasi kwa kukosa mtu wa kukisafisha.

Juu ya malezi ya vijana sitasema mengi, ila nimtaje Bruda Colm O'Connell, Mwairishi aliyefika mwaka 1976 kufundisha jiografia katika shule ya St. Patrick's, Iten. Hakuwa mwalimu wa riadha alipofika. Alijifunza kwa kuwatazama vijana wenyewe, mwaka baada ya mwaka, bila haraka. Kutoka mikononi mwake alitokea, pamoja na wengine, Bwana David Rudisha, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 800 mwaka 2012 huko London, dakika 1 na sekunde 40.91. Baba yake, Bwana Daniel Rudisha, alikuwa katika timu ya Kenya iliyopata nishani ya fedha mwaka 1968 katika mbio za kupokezana kijiti. Kutoka baba hata mwana ni miaka 44. Nasi twalalamika kwamba darasa la vijana halikuzaa matunda katika muhula mmoja.

Hata hivyo lazima niseme pia mahali ambapo mfano huu wa mbio huvunjika, maana mfano ukivutwa mno hukatika kama kamba.

Kwanza, riadha yetu imepata aibu. Wakimbiaji wengi wa Kenya wamefungiwa kwa kutumia dawa zilizokatazwa, hata mwaka 2016 Bunge likapitisha sheria ya kupambana na jambo hilo. Mtu anataka ushindi bila safari ya kuufikia. Makanisa nayo yana dawa zake. Mtu mmoja alitushauri kwamba tukodi mhubiri fulani mwenye sifa za miujiza, tutangaze kwa gari lenye kipaza sauti, na benchi zingejaa juma lile lile. Sina shaka kwamba zingejaa. Baraza lilikataa kwa kura chache, na nakiri kwamba nilisitasita kabla ya kuinua mkono.

Pili, na hili ni kubwa zaidi, katika mbio mshindi ni mmoja, na waliobaki nyuma hawangojewi. Kanisa lililojengwa hivyo si kanisa. Kwa hiyo nilipofika hapo katika fikira zangu nilimkumbuka mtu mwingine wa mwaka ule ule wa Mexico, jirani yetu wa Tanganyika ya zamani, Bwana John Stephen Akhwari. Katika marathoni aliangushwa katika msongamano wa wakimbiaji, akaumia goti vibaya. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda. Zaidi ya saa nzima baadaye, giza limeingia na watu wengi wamekwisha kuondoka uwanjani, Akhwari aliingia akichechemea, mguu umefungwa bendeji, akamaliza wa mwisho miongoni mwa watu 57 waliofika. Jina lake lakumbukwa hata leo pamoja na la mshindi, na pengine zaidi.

Nikajiuliza: katika kata yetu, ni nani waliomo barabarani bado, giza limeingia, na sisi tumekwisha kufunga mlango na kwenda nyumbani?

Mkutano wa Februari nilisoma tena swali la Kogo kutoka kitabuni, nikaonyesha nafasi iliyokuwa wazi. Tulibishana saa mbili. Mmoja alitaka tujenge ukumbi. Mwingine alitaka tununue kinanda kwanza, ndipo watu watakuja. Ndipo mchungaji, ambaye kwa bahati alikuwako siku hiyo, aliposema kwamba tuchague jambo moja tu, lenye siku yake, nalo liwe kwa ajili ya watu wasioweza kuja kwetu. Tukakubaliana hivi: kabla ya Pasaka, kila mgonjwa, mjane au mzee asiyeweza kutembea katika kata yetu, wa dhehebu letu au la wengine, awe amefikiwa na watu wawili nyumbani kwake, na baada ya Pasaka asipite mwezi bila kufikiwa tena.

Tulidhani watu hao watakuwa kumi. Kogo, ambaye hawezi kwenda mbali kwa ajili ya miguu, alimwita mjukuu wake na daftari la shule, akamtajia majina 31, pamoja na njia ya kufikia kila nyumba, mto wa kuvuka na mbwa wa kuogopa. Kumi na tisa kati ya hao mimi katibu sikuwahi kuyasikia majina yao. Mmoja alikuwa mwalimu wangu mkuu wa Shule ya Jumapili wakati nilipohamia, niliyedhani amekwisha kurudi kwao. Alikuwa nyuma ya kile kilima, amelala miaka miwili.

Sasa Jumapili ya tatu ya kila mwezi ibada huanza saa moja asubuhi, nayo ni nusu saa tu; kisha watu hutawanyika wawili wawili. Kwaya nazo hugawanywa, moja upande wa mto na nyingine upande wa msitu, na tangu hapo swali la nani ataimba kwanza limepoa, ingawa halijafa. Choo kimefunguliwa, zamu imeandikwa ukutani, na jina la mwenyekiti ni la kwanza. Vijana wanane wamerudi, wanne kati yao kwa sababu wana pikipiki na tulizihitaji. Mabati bado yavuja, na ndoo iko pale pale chini ya dirisha la mashariki.

Juma lililopita tulipata barua nyingine. Wakubwa wetu watatuma mtu kuja kuhesabu washirika, nayo siku aliyoichagua ni Jumapili ya tatu, saa nne asubuhi. Saa hiyo kanisa letu litakuwa tupu. Tuliitisha mkutano. Baadhi walisema tuahirishe matembezi siku hiyo moja, watu wakae benchini wahesabiwe, maana jengo likipotea hata matembezi yatakufa. Mimi, ambaye nimeishi kwa hesabu na rejesta tangu nilipoajiriwa, nilikuwa upande huo, na naliandika jina langu hapa bila kuficha. Kogo hakutoa hotuba. Aliuliza tu ni nani atakayepeleka habari kwa wale 31 kwamba Jumapili hiyo hatutakuja, na sababu yake ni nini. Hakuna aliyejitolea. Tukapiga kura, na upande wangu ukashindwa, wanne kwa wanane.

Kwa hiyo nimeandika barua, kwa amri ya baraza, kumwomba mgeni huyo aje na viatu vya kutembelea, afike saa moja, na kuanza hesabu yake katika nyumba ya kwanza iliyo ng'ambo ya mto. Niliambatisha nakala ya daftari la Kogo, pamoja na habari za mbwa. Niliitia posta Jumatatu. Jibu bado halijafika.